Kuni Mbili za Mjane wa Sarepta

Somo la wiki: 1 Wafalme 17:8–16

Nabii Elia alipofika langoni mwa mji wa Sarepta alimkuta mjane akiokota kuni. Nchi ilikuwa imekauka. Kijito cha Kerithi, alikokuwa akinywa nabii, kilikuwa kimekatika maji, na njaa ilikuwa imeshavuka mpaka wa Israeli ikafika Sidoni, pwani ya nchi ambayo leo tunaiita Lebanoni. Elia akaomba maji ya kunywa, kisha akaomba na kipande cha mkate. Hapo ndipo yule mama alipoeleza hali yake: pipani amebakiwa na unga usiozidi konzi moja, chupani mafuta ni kidogo, na pale alipo anaokota kuni mbili akampikie mwanawe na yeye mwenyewe, wale mlo wa mwisho, wangoje kifo.

Tumezoea kuhubiri pipa na chupa. Unga haukupungua na mafuta hayakuisha, huo ndio muujiza, na ni haki kuuhubiri. Lakini wiki hii naomba tusimame kwenye zile kuni. Mama huyu hakujitwisha mzigo. Alijua unga wake ni kiasi gani, akajua unga ule unataka moto wa kiasi gani, akaokota kuni za kutosha mkate huo basi. Siku aliyoidhani kuwa ya mwisho ya maisha yake, bado alipima.

Kwa wengi wetu kubana matumizi ni jambo la shida. Mtu anabana akiwa hana, akipata anaachia, na anayeendelea kubana huku anazo tunamwita bahili. Mjane wa Sarepta ananifundisha tofauti. Kupima ni namna ya kumheshimu aliyetoa. Na nikitafuta mahali ambapo Mkristo wa kawaida wa Dar es Salaam, Kibaha au Morogoro anagusa uumbaji wa Mungu kila siku kwa mkono wake, sipati mahali panapolizidi jiko.

Tuko katika Majira ya Uumbaji, yanayoanza tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba. Makanisa mengi duniani huyaadhimisha, na mwanzo wake ni mwaka 1989, Patriaki Dimitrios I wa Konstantinopoli alipoitenga siku ya kwanza ya Septemba iwe ya kuuombea uumbaji. Majira haya yakifika, sisi hupanda miti. Ni kazi njema, na Kanisa letu lina mfano wake: Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), anajulikana hata nje ya nchi kama Askofu wa Miti kwa sababu ya kazi ya upandaji kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Hata hivyo mche uliopandwa leo utangoja miaka mingi kabla ya kutoa kivuli, na mingine itakufa kiangazi cha kwanza. Mti uliokomaa ambao haukukatwa wiki hii kwa ajili ya sufuria yangu una kivuli tayari, una mizizi tayari, una nyuki wake. Kuuokoa huo hakudai kitalu wala jembe. Kunadai mfuniko wa sufuria.

Tuangalie mkaa unakotoka. Mchomaji wa kienyeji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaunguza kwa siku kadhaa akiyanyima hewa. Sehemu kubwa ya mti hupotelea humo kuwa moshi na mvuke. Kwa kawaida kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za mti. Kwa hiyo mkaa unaoendelea kuwaka bure wakati chakula kimeshapakuliwa ni hasara mara tano, mara kumi, na hasara hiyo imebaki porini ambako hatuioni. Torati ilikataza jeshi linalouzingira mji kuikata miti ya matunda, tena vitani. Sisi tuko katika amani. Jiji la Dar es Salaam limelishwa mkaa kwa miongo mingi na mikoa ya Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, iliyo jirani kabisa na jiji, ina majeraha ya jambo hilo mpaka leo.

Maji yetu nayo yanautegemea mti. Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, huanzia milima ya Uluguru. Oktoba 2022 maji ya mto huo yalipungua mpaka jiji likaingia kwenye mgao. Mvua ndiyo iliyokosekana. Lakini hata mvua ikinyesha, ardhi iliyovuliwa miti haiwezi kuyatunza maji kwa ajili ya kiangazi. Yanapita juu juu na kuondoka na udongo. Elia alikiona kijito chake kikikauka. Sisi tumeona bomba.

Naomba nieleweke vizuri. Simlaumu anayepika kwa mkaa, sembuse mama lishe anayesomesha watoto kwa jiko hilo. Injili ya Yohana, sura ya 21, inasimulia kuwa wanafunzi waliposhuka pwani asubuhi walikuta moto wa makaa, samaki wakiwa juu yake, na mkate, na aliyewaandalia ni Bwana mwenyewe aliyefufuka. Kristo alipika kwa makaa. Kama ni lazima lawama ipatikane, basi ituangukie sisi wenye uwezo wa kubadilika ambao hatubadiliki, sisi ambao kiyoyozi kinaunguruma katika chumba kisicho na mtu. Fundisho la mazingira linaloanza kwa kumkemea anayenunua mkaa wa kopo limemwendea mtu siye. Tena huyo wa kopo ndiye anayelipa zaidi: ukilinganisha na mwenye uwezo wa kununua gunia zima, kila kilo yake ina bei kubwa kuliko ya mwenzake. Kwa ajili yake nimechagua kusema yale yasiyodai pesa kabisa, au yanayodai pesa kidogo ambayo hurudi mapema.

Anza na maharage. Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina gesi, ule mtungi wa kilo 6, lakini pembeni jiko la mkaa bado lipo, na ukiuliza sababu utaambiwa maharage na makande yanamaliza gesi. Ni kweli yanamaliza, yakipikwa makavu. Maharage yaliyolala majini usiku kucha huiva upesi zaidi. Asubuhi maji yale yamwagie mpapai, weka maji mapya, funika sufuria. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka maharage yalainike, kwa sababu uchachu huyachelewesha. Na yakishachemka, punguza moto. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kubwa kuliko yanayochemka taratibu. Fujo ile inakausha maji na kula mkaa, kuivisha haiivishi zaidi.

Kisha kuna kapu. Vikundi vya kinamama katika Afrika Mashariki vimekuwa vikifundishwa jambo hili kwa miaka mingi, nami nashangaa kwamba bado halijaingia kila nyumba, maana linafanya kazi na karibu halina gharama. Chukua kapu kubwa la ukindu au boksi gumu. Lijaze chini na pembeni matambara, nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, yashindilie, katikati uache shimo linaloitosha sufuria yako. Shona mto wa matambara wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe sawasawa kwa nusu saa, na usiipunguze hiyo nusu saa, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayovuruga tumbo. Halafu, pasipo kufunua mfuniko, itoe sufuria motoni, izamishe kapuni, ifunike kwa mto, iache. Yataendelea kuiva kwa joto lake lenyewe, bila mkaa, bila gesi, bila mtu wa kuyalinda. Baada ya saa tatu au nne yatoe, yaunge, uyachemshe tena kabla ya kula. Wali ni rahisi zaidi: maji yakikaribia kukauka, mahali pa kuupalia makaa, upeleke kapuni. Utaukuta umeiva na chini haukuungua.

Nalipenda kapu hili kwa sababu nyingine pia, nayo ni mama mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wa hayo, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Anayekaa jirani na jiko ni nani? Ni mama, na mtoto aliyembeba mgongoni. Kila saa ambayo sufuria iko kapuni badala ya motoni, mapafu ya wote wawili yanapumzika, na binti wa nyumba anafungua daftari lake badala ya kupuliza moto.

Anayebaki na mkaa aliangalie jiko lenyewe. Jiko la bati tupu hupoteza joto kwa pembeni. Lile lenye kombe la udongo uliochomwa ndani, lililoundwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kujifunza kutoka jiko la Thailand, na ambalo leo linauzwa katika masoko yetu, huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja hadi nusu. Bei yake imezidi ile ya bati, lakini mkaa unaookolewa huirudisha, na kikoba kinaweza kubeba mzigo wa mwanzo: watu kumi wakiamua kila mwezi mmoja wao apate jiko, mwaka hauishi kabla wote hawajapata. Mkaa usiwashwe kwa nailoni. Najua ni desturi ya uani kwetu, lakini moshi ule ni sumu na unaingia kwenye chakula na kwenye kifua cha anayewasha. Kifuu kinawasha vizuri, na makumbi ya nazi pia. Ukimaliza kupika, makaa yaliyobaki yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, yazimike kwa kukosa hewa, kesho yatumike tena. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani na kufungiwa madirisha, hata usiku wa baridi na mvua. Hewa inayoua haina harufu. Kila mwaka familia zinazikwa kwa sababu hiyo, na mchungaji anayekaa kimya juu ya jambo hilo hajawatunza watu wake.

Mwenye umeme ana njia nyingine. Jiko la presha la umeme hupika sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, na umeme wa nchi hii sasa unatoka kwa wingi kwenye maji: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake limejengwa kwa megawati 2,115. Najua bei ya jiko hilo dukani inatisha. Basi kamati za harusi zilifikirie. Katika kichen pati bibi arusi hupewa seti za glasi ambazo zitakaa kabatini miaka yote. Michango ileile ikikusanywa pamoja inaweza kumpa chombo kitakachompunguzia moshi na gharama tangu wiki ya kwanza ya ndoa yake.

Tutoke jikoni kidogo, twende sokoni. Kuhusu mifuko nitasema machache. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita rambo, kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na mitaro imepata nafuu. Ila tusijidanganye kuhusu mifuko mbadala iliyochukua nafasi yake: ile laini inayofanana na kitambaa nayo mingi imetengenezwa kwa plastiki. Faida yake inatokea ukiitumia mara nyingi. Anayenunua mpya kila aendapo sokoni hajaacha rambo. Kapu la ukili linadumu miaka, na pesa yake inakwenda kwa mama aliyelisuka.

Mvua za vuli zinakaribia, na hapa kuna hesabu ambayo kila nyumba yenye bati inapaswa kuijua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 20, inapokea lita 800 katika kunyesha kumoja, na kwa nyumba nyingi zote hizo zinaishia barabarani. Gata ya bati na pipa moja ni mwanzo wa kutosha kwa asiye na uwezo wa simtanki. Maji ya kwanza, yenye vumbi la paa, yaachie yapite. Yanayofuata yafulie, yapigie deki, yamwagilie mboga. Pipa lifunikwe, mbu asipate pa kuzaa.

Chakula kinachomwagwa kinanisikitisha kuliko yote. Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, yeye aliyeweza kuzidisha mikate wakati wowote, aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu, na vikajaa vikapu 12. Mwenye muujiza mkononi alikataa upotevu. Sasa angalia jalala la Pugu Kinyamwezi: zaidi ya nusu ya taka za majumbani jijini ni mabaki ya chakula, maganda na majani, vitu ambavyo vingeweza kulisha udongo. Tupike kiasi cha watu waliopo. Kiporo kifunikwe mapema, kikipashwa kipashwe mpaka kichemke. Maganda ya ndizi, viazi na mboga yakichanganywa na majani makavu katika ndoo iliyotobolewa chini huwa mboji baada ya miezi michache, na gunia moja la udongo huo linaotesha mchicha au sukuma wiki kwenye baraza la nyumba ya kupanga. Nyama na mafuta visitiwe humo, vitaleta panya.

Usharika nao una jiko lake, na hapa nasema na wazee wa kanisa, na kinamama, na kamati zote, mimi nikiwamo. Haifai tukutane kupanga siku ya kupanda miti huku mbele ya kila mjumbe pana chupa ya plastiki ya maji itakayotupwa baada ya saa moja. Tununue vikombe mara moja, tuviweke kabatini, tuvioshe. Sahani za kutupa zisionekane tena kwenye sherehe za kipaimara. Chakula cha sikukuu kikibaki, kipelekwe kwa wagonjwa na wazee siku hiyohiyo. Na tuzime taa za ibada ya jioni tunapotoka, kwa sababu sadaka ya bibi anayetoa sarafu zake ndiyo inayolipa LUKU.

Rudini kidogo kwa yule mjane. Alikuwa na unga wa mlo mmoja, akaombwa amtangulize mgeni, akatoa. Sidhani kwamba angeweza kutoa kama asingekuwa mtu wa kupima. Anayejua kiasi alicho nacho anajua pia kiasi anachoweza kumkatia mwenzake, hata kama ni kidogo sana. Anayetumia bila kipimo huona kila alicho nacho hakimtoshi, na mgeni akibisha hodi huwa hana la kumpa.

Kwa wiki hii nawaomba mambo mawili tu. Leo usiku, kabla ya kulala, kila nyumba iloweke maharage yake au choroko zake, na kesho ipike huku sufuria imefunikwa. Jumamosi mje kwenye jumuiya na majibu: yaliiva kwa muda gani, na mkaa au gesi ilibaki kiasi gani. La pili ni kwa wenye vyerehani. Tuna wazee wanaopika peke yao, na wengine hawana wa kuwatafutia mkaa. Leteni matambara safi ofisi ya usharika kabla ya Ijumaa, mjitolee kuwashonea mito ya makapu, na vijana watazunguka kuwapelekea na kuwafundisha jinsi ya kutumia.